CD ya kawaida, ya MP3 au faili za WAV: uchague ipi kwa taarabu na kaswida?

"Ami, wataka CD ya kawaida au ya MP3?" Hili ndilo swali la vijana wa maduka ya nyimbo na simu huku Lamu, ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na flashi yako mkononi. Wateja wengi hawaulizi tofauti ni nini. Wanaambiwa ya kawaida inaingia nyimbo nane au tisa za taarabu, ya MP3 inaingia mia na zaidi, na bei hazipishani sana. Hapo nani atataka nane?

Nataja mapema ninaposimama. Kwa kusikiliza jikoni, kwenye gari au kwa kuchangamsha harusi, MP3 iliyotengenezwa vizuri inatosha, na mwenye kukucheka mfumbe macho umpigie zote mbili uone kama atazitambua. Kwa kurekodi na kwa kuhifadhi, MP3 ni hasara, na hasara yenyewe hairudi tena. Mabishano mengi ya fomati yanatokana na kuzichanganya kazi hizi tatu: kurekodi, kuweka na kugawa. Kila moja ina fomati yake.

Diski mbili, sura moja

CD ya kawaida ni kazi ya Philips na Sony. Kanuni zake ziliandikwa mwaka 1980 na ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kushoto na kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, bila kubanwa. Ndiyo maana diski nzima inamalizika kwa dakika 74 au 80.

Kwa nini 44,100? Sikio zima la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000, na hesabu ya sampuli, yaani ya vipimo hivyo, inadai upime zaidi ya mara mbili ya sauti ya juu kabisa unayotaka kuinasa. Vipimo 40,000 na ziada kidogo vinatosha. Namba yenyewe hasa ilitoka kwenye mashine za video, kwa kuwa miaka ile kanda za video ndizo zilizotumika kuwekea sauti ya dijitali. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kaseti ya kawaida hupata 50 na kitu, kisha mvumo wa kanda unameza yaliyobaki. Kwa hiyo anayesema CD "haina nafasi" kwa udi wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, ana lake jambo.

Diski ya MP3 haina sauti kwa maana hiyo. Ina mafaili, kama flashi ilivyo na mafaili. MP3 ilitengenezwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na jina hilo la mwishoni mwa faili lilichaguliwa mwaka 1995. Kazi yake ni kupunguza. Kwa kilobiti 128, inabaki sehemu moja kati ya kumi na moja ya data ya CD, na diski ya megabaiti 700 inabeba zaidi ya saa 12. Kwa kilobiti 320, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha MP3, inabeba karibu saa tano.

Kinachotupwa hakichaguliwi ovyo. Sikio la binadamu lina udhaifu: sauti kubwa ikipiga, ndogo iliyo karibu nayo haisikiki, na hata iliyotangulia au kufuata kwa kitambo kidogo sana hufunikwa. MP3 inapiga hesabu ya vile vilivyofunikwa na kuviandika kwa biti chache au kuviacha. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waliobuni fomati hiyo, amesimulia kwamba kilichomsumbua sana katika majaribio kilikuwa wimbo wa Suzanne Vega ulioimbwa bila ala yoyote. Sauti tupu ya mtu haina pa kujificha. Wenye kurekodi kaswida za sauti pekee walitie hilo akilini kabla ya kuchagua kilobiti 128.

Ala zinazoiumbua MP3

Hapa ndipo ningetaka msomaji atulie, kwa sababu maelezo mengi ya fomati yamejaa piano na gitaa la umeme, na sisi huku tunapiga vitu vingine.

Anza na rika, lile tari lenye vijisahani vya shaba. Mlio wake uko juu sana na unaanza ghafla. MP3 hukata sauti vipande vipande, kila fremu ina sampuli 1,152, yaani kama sehemu 26 kati ya elfu moja za sekunde, na kosa la hesabu husambaa ndani ya kipande. Pigo la ghafla likiangukia katikati, sehemu ya kosa inasikika kabla ya pigo lenyewe. Kwa kilobiti 128 rika linapoteza ncha yake. Linageuka mchakacho, linavuma pale lilipotakiwa kulia. Mapigo ya vugo, ile pembe inayogongwa kwa kijiti harusini, ni vivyo hivyo. Na katika kiwango hicho programu nyingi hukata kabisa kila kitu kilicho juu ya kilohezi 16, ambako sehemu ya mng'aro wa vijisahani hukaa.

Udi hauumii sana. Nyuzi zake ni za chini na za kati, na ule mguso wa kwanza wa kipande cha kupigia ndio unaolegea kidogo. Fidla na kodiani zinavumilia. Zumari halivumilii: limejaa milio ya juu yenye nguvu, na MP3 ndogo inaliongezea ukali usiokuwa wake. Wengi husingizia mpigaji au spika.

Kuna na umati. Maulidi pale Msikiti wa Riyadha, mamia ya watu wakiitikia pamoja na matari yakitembea, ni mtihani mgumu kuliko bendi yoyote, maana hakuna sauti moja kubwa ya kuzifunika nyingine. Zote ziko sawa, zote zinataka biti. Sikiliza kiitikio hicho kwa kilobiti 128 halafu kwa 320. Katika ya kwanza watu wanakuwa ukungu mmoja. Katika ya pili unaweza kuwatenga wazee wa mbele na watoto wa nyuma.

Taarabu ya kisasa ya kibodi na ngoma za mashine ndiyo inayoumia kidogo kabisa. Sauti zake zilitoka kwenye kumbukumbu ya kibodi, nyingi zimekwisha kukatwa juu, na msikilizaji wake huwa anacheza. Kwa hiyo MP3 ya 192 kwa chakacha la usiku wa harusi, sawa, sitabishana.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, chukua wimbo kutoka CD halisi, utengeneze nakala za 128, 192 na 320, kisha mpe ndugu yako azipige bila kukuambia ipi ni ipi. Sauti ziwe na ukubwa uleule. Hili si dogo: iliyo juu kwa kiasi kidogo tu itaonekana bora hata kama ndiyo mbovu. Wengi hubaki na uhakika kwenye 128, wanaanza kusitasita 192, na kwenye 320 wanabahatisha.

CD ya uongo

Sasa kuna diski ya tatu ambayo duka halikutajii. Inapigwa kwenye redio yoyote ya CD, ina dakika 80, inaitwa "ya kawaida", lakini nyimbo zake zilikuwa MP3 zilizodanlodiwa, zikafunguliwa na kuchomwa upya. Ukubwa wa data umerudi kuwa 1,411, sauti haikurudi. Programu inajaza nafasi, haikumbuki kilichotupwa.

Na mara nyingi safari ni ndefu zaidi. Wimbo ulitoka kaseti, ukapandishwa kwenye mtandao wa video ambao nao huubana kwa njia yake, mtu akautoa kuwa MP3, akauchoma CD, mwingine akaitoa CD hiyo kuwa MP3 tena. Kila kubanwa ni tui jingine kutoka nazi ileile, na kinachofika kwenye flashi yako ni maji ya chicha. Nikiulizwa ni nini hasa kinachoharibu sauti ya diski nyingi zinazouzwa mwambao huu, nitajibu ni hiki, wala si tofauti ya CD na MP3 kwa zenyewe.

Kuigundua si kazi. Ipo programu ya bure inayoitwa Spek. Unaitupia faili, inakuchorea sauti kwa rangi. CD ya kweli kwa kawaida ina rangi hadi karibu kilohezi 20 au zaidi. Iliyotoka MP3 ya 128 ina mstari ulionyooka karibu na 16, juu yake giza tupu. Tahadhari moja: kaseti ya zamani nayo haina kitu kule juu, lakini inafifia polepole na mvumo wake unaonekana. Ukingo uliokatwa ghafla ndio alama ya mkono wa MP3.

Vipi zile za bei kubwa?

Mwaka 1999 Sony na Philips walileta SACD, ambayo badala ya biti 16 hutumia biti moja inayopimwa mara milioni 2.8 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja DVD-Audio, yenye biti 24 na vipimo hadi 192,000 kwa sekunde kwa sauti ya pande mbili. Siku hizi namba hizo zinauzwa kama faili, bila diski. Ukiziweka kwenye karatasi mbele ya CD, CD inaonekana maskini.

Kwenye masikio mambo ni mengine. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society majaribio ya muda mrefu: sauti ya SACD na DVD-Audio ilipitishwa kwenye kifaa cha biti 16 na 44,100, yaani ikashushwa kuwa CD, na wasikilizaji wakaulizwa ipi ni ipi. Kwa ukubwa wa kawaida wa kusikiliza, majibu yao hayakuzidi kubahatisha. Utafiti ule umepingwa na wengine, na mabishano yanaendelea, lakini hata wanaopinga wanazungumzia tofauti ndogo kwenye vyombo vizuri ndani ya chumba kimya. Nyumba ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu, yenye ua wazi, msikiti pande mbili na punda chini ya dirisha si chumba hicho.

Waandishi wale waliona pia kwamba diski nyingi za SACD zilisikika vizuri kwa jumla, hata baada ya kushushwa. Sababu ni mafundi: walizitengeneza kwa uangalifu zaidi wakijua mnunuzi ni msikilizaji. Ukilinganisha SACD na CD ya albamu moja, huenda unalinganisha mafundi wawili tu.

Kwa hiyo huku kwetu siishauri SACD, tena na kichezeo chake ni kigumu kupatikana. Na hakuna fomati inayoongeza kisichorekodiwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, kwenye santuri za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Ukiuziwa sauti ile kwa biti 24 na vipimo 192,000, umeuziwa mikwaruzo ya santuri kwa undani.

Kuna jambo la wanunuzi wa CD za zamani. Nyuma ya kasha utaona herufi tatu, AAD, ADD au DDD. Ya kwanza ni jinsi ilivyorekodiwa, ya pili jinsi ilivyochanganywa, ya tatu ni diski yenyewe. A ni analogi, D ni dijitali. Watu walizichukulia kuwa alama za mtihani, wakazikimbilia DDD. Si alama. AAD iliyotoka kanda nzuri ya studio inaweza kuipita DDD ya miaka ya mwanzo ya 1980.

Na herufi hizo hazikwambii kama fundi aliisukuma sauti mpaka ukutani. Tangu miaka ya 1990 mwishoni CD nyingi zimepandishwa sauti hadi vilele vikakatwa, ili wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani. Una desibeli 96, unatumia sita au saba. Studio zetu zimeiga bila kuulizwa.

Biti 24 zina kazi, ila si dukani

Kwenye kurekodi ndiko zinakolipa. Ukirekodi taarabu ya moja kwa moja kwa biti 16, unajikuta ukipandisha kipimo karibu na mwisho ili sauti isizame, halafu mwimbaji anapaza, au tari linapigwa karibu na maiki, na kilele kinakatwa. Sauti iliyokatwa haishonwi. Kwa biti 24 unaacha vilele viishie karibu na desibeli kumi na mbili chini ya kikomo, unatulia, na ukija kuchoma CD unashusha hadi 16 bila kupoteza kitu cha kusikika. Vinasa vidogo vya mkononi vya Zoom au Tascam vinafanya hivyo. Weka WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. Ukienda 96 faili linakuwa mara mbili na kadi inajaa kabla zefe halijafika mwisho.

Simu inatosha? Kwa kumbukumbu ya nyumbani, ndiyo. Nyingi hurekodi faili la M4A, ndani yake mna AAC, njia nyingine ya kubana sauti, ambayo kwa kilobiti zilezile ni nzuri kuliko MP3. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ule umebanwa kwa ajili ya maneno.

Kuweka: kaseti za baba na joto la Lamu

Wenye makasha ya kaseti za taarabu, maulidi na mawaidha wanauliza wazihamishie wapi. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza biti 24 na kilohezi 96, na kisishuke chini ya 48. Kwa kaseti ya sokoni iliyonakiliwa mara kadhaa, 48 ni nyingi. Muda wako utumie kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kukirekebisha kilingane na kanda, maana kichwa kilichopinda kinakula sauti za juu kuliko fomati yoyote niliyotaja hapa. Hifadhi ya kwanza iwe ilivyo, na mvumo wake. Kusafisha kufanyike kwenye nakala.

Kisha ubane kwa FLAC. Tofauti na MP3, FLAC haitupi kitu: ukiifungua unapata WAV ileile, biti kwa biti, na faili limeshuka hadi karibu nusu au zaidi kidogo. Ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2001. Kasoro yake ni kwamba deki nyingi za zamani za DVD na redio za gari haziitambui, kwa hiyo si ya kumpa shangazi.

Diski ya kuchoma siiamini kuwa ghala. CD ya kiwandani imechapwa kwa mashimo. Ya kuchoma ina rangi inayobadilishwa na mwanga wa leza, na rangi hiyo haipatani na jua, joto na unyevu, mambo matatu ambayo Lamu hatuyaagizi. Usiibandike karatasi juu, usiiandike kwa kalamu ngumu. Data iko karibu kabisa na upande wa maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini, ambao unaweza kusuguliwa.

Zikianza kuzeeka, diski mbili zetu zinakufa tofauti. CD ya kawaida inasahihisha makosa yake, na ikishindwa inakisia sampuli iliyopotea kutokana na jirani zake, hivyo wimbo unaendelea na huenda usigundue. Diski ya mafaili ina ulinzi wa ziada na haikisii. Ikishindwa, wimbo unaruka au diski nzima haisomeki. Weka FLAC kwenye diski mbili za kompyuta (hard disk), moja isikae nyumba moja na nyenzake.

Kwa hiyo dukani useme nini

Ukinunua nyimbo za kusikiliza, omba MP3 za 320, au 256 zikikosekana, na uulize zimetoka wapi. Zikiwa zimetoka mtandao wa video, usilipie CD "ya kawaida". Chukua flashi, sauti ni ileile na huna diski ya kukwaruza. Ukiwa na spika ya bluetooth tu, usijitese na WAV, maana bluetooth ya kawaida inabana tena njiani. CD ya kawaida ichague unapokuwa na nakala halisi ya kunakili, na mahali penye deki na spika za waya, kwa udi, rika, zumari au sauti tupu.

Ukiwa wewe ndiye uliyelipia kurekodiwa, iwe ni kikundi cha kaswida Langoni au bendi ya harusi Malindi, usiondoke studio na CD pekee. Mwombe fundi mafaili ya WAV ya biti 24 siku ileile, kwenye flashi yako mwenyewe, kabla hajaisafisha kompyuta kwa ajili ya mteja wa kesho. Na uyafungue papo hapo, mbele yake, moja baada ya jingine.